Tulivyoziba Mashua ya Baba ili Mama Avuke

Wengi mmeniuliza, ofisini na kanisani, safari ile ilikuwaje, na kila mmoja nimempa kipande chake nikaishia njiani, kwa sababu kuna mahali nikifika sauti inakataa. Kalamu haikatai. Kwa hiyo nimekaa niieleze mara moja, kituo kwa kituo. Habari za kuomba ruhusa na barua za kusafiria naziacha. Mnazijua, na nyinyi mmezipangia foleni.

Wanaomjua mama yangu wanajua kwamba alilelewa na dada yake. Mama yao alifariki huko Murangi yeye akiwa bado ananyonya, na Mama Mkubwa, binti ambaye mwenyewe hajamaliza kukua, akambeba mgongoni, akamlisha uji na maziwa ya mbuzi, akamfundisha kutembea. Baadaye Mama Mkubwa aliolewa Ukerewe, upande wa magharibi wa kisiwa, mbali kabisa na kivuko. Miaka ikapita bila wao kuonana, kwanza kwa sababu ya watoto, kisha kwa sababu ya uzee, kisha kwa sababu ya nauli na magari. Mwaka huu miguu ya Mama ilipovimba na pumzi kuanza kumkatikia katikati ya sentensi, hakuomba dawa. Aliomba apelekwe kwa dada yake.

Shida ilikuwa njia. Pantoni ya Kisorya ilikuwa imesimama kwa kukosa dizeli, na hata ukivuka kwa mtumbwi wa kasia, kutoka ng'ambo hadi kijijini kwa Mama Mkubwa ni mwendo mrefu wa gari, na magari ya kisiwani yalikuwa juu ya mawe kwa kukosa matairi. Mama hawezi kukaa muda mrefu. Lazima alale, miguu imeinuliwa.

Ikabaki mashua ya Baba. Siyo mtumbwi. Ni mashua ya tanga yenye sitaha ya mbao, iliyokuwa ya wamisionari wakati Baba ni nahodha wao, na walipoondoka wakamwachia. Chini ya sitaha kuna chumba ambamo mtu mzima anaweza kulala amejinyoosha. Baba alipofariki aliichukua kaka yangu Masatu, anayeishi Kisorya. Masatu aliniletea maneno kupitia mfanyabiashara wa dagaa: mashua ni nzima, tanga ni zima, lakini sitaha inavuja kila mahali penye chuma. Vile vyuma vya kufungia kamba, zile pete, makapi ya kupitishia kamba, vyote vimeshikwa kwa bolti zinazopenya mbao, na maji yanafuata bolti. Alisema nije na Mama, na nije na bolti mpya, lami, pamba na nta ya nyuki. Siku hizi ukitumwa vitu vinne, ujue umetumwa safari nne.

MWIGOBERO

Tulianzia Mwigobero, soko la ufukweni hapa Musoma, kwa sababu ya lami. Nilikuwa nimesikia kwamba fundi mmoja wa mitumbwi pale ana lami iliyobaki ndani ya pipa. Nilimlaza Mama kwenye mkeka kwa akina mama wanaouza dagaa, nikaenda kutafuta.

Fundi alikuwepo, na lami alikuwa nayo, lakini ilikuwa imeshikana na pipa. Alisema pipa analihitaji, lami nichukue. Nilikaa juani nikiikwangua kwa patasi mpaka nikajaza kopo la maziwa ya unga. Niliporudi nilikuta Mama amekuwa mwenyeji. Wauza dagaa walikuwa wamemtengenezea kivuli cha kanga, na mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali, alikuwa anamtania.

"Bibi, Ukerewe unakwenda kuolewa?"

"Nakwenda kuchapwa," Mama alisema. "Dada yangu hajamaliza kunilea."

Walicheka wote. Kisha yule mama mnene akamfungia dagaa kwenye jani, akamwambia ampelekee huyo dada. Mama aliwaweka kwenye kapu, pembeni ya kipande cha sabuni ya mche alichokuwa amekificha miezi mingi. Sabuni hiyo hakuruhusu mtu ainuse. Ilikuwa ya dada.

MUSOMA HADI BUTIAMA

Basi halikuwepo. Tulipata lori lililokuwa linapeleka mabati Butiama, dereva mtu mpole aliyemweka Mama mbele, mimi nikapanda juu ya mabati. Njiani springi ilikatika. Hapakuwa na springi nyingine mkoa mzima, kwa maelezo ya utingo wake, kwa hiyo walikata mti wakaufunga kwa minyororo pale springi ilipokuwa, na lori likaendelea likiinama upande mmoja kama mtu mwenye jipu.

Butiama nilikuwa na mtu mmoja, Bibi Nyabweke, mjane Mzanaki aliyelala kitanda cha jirani na Mama hospitalini mwaka uliotangulia. Ana mizinga. Alitupokea vizuri mno, akatupa ugali wa mtama na maziwa ya mgando, akatupa chai yenye asali kwa sababu sukari alikuwa ameisahau ladha yake. Nilipomwambia nimekuja kutafuta nta, akaweka kikombe chini.

"Nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna.

"Sasa mishumaa ya nini?"

Kumbe kwake nta ni mishumaa tu, na mishumaa ni ya kanisa au ya msiba. Nilimweleza habari ya mashua, bolti na sitaha. Alisikiliza kwa makini, lakini niliona haamini. Alimgeukia Mama, akamwuliza kwa upole kama kweli hatumfichi kitu. Mama alimwambia, "Nyabweke, kama ningekuwa nimefiwa ningekuja na kanga hii?" Ilikuwa kanga ya njano.

Nta aliyokuwa nayo ilikuwa imewekwa kwa ajili ya Pasaka. Aliitoa yote, donge kama kichwa cha mtoto. Alisema Bwana Yesu alikuwa na marafiki wavuvi, ataelewa.

BUTIAMA HADI BUNDA

Kutoka Butiama tulikaa sana barabarani. Magari yalipita machache, na yaliyopita yalikuwa yamebeba watu mpaka juu ya kichwa cha dereva. Tulikula viazi vikavu alivyotufungia Bibi Nyabweke, tukanywa maji ya mto yaliyochemshwa. Mwisho alitupakia mzee mmoja mwenye pikapu iliyokuwa haina mlango.

Pamba nilikuwa nimeinunua kwa mkulima pale njiani, gunia dogo, na hilo likanitia hofu, maana ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi, na pamba haikuruhusiwa kuuzwa ila kwenye ushirika. Karibu na kuingia Bunda kulikuwa na kizuizi. Mgambo alikuja na rungu, akachungulia. Aliona kopo la lami, akalinusa. Aliona nta, akaikuna kwa kucha. Akaona gunia.

"Hii nini?"

Mama alikuwa amelalia gunia lenyewe, kichwa chake kimezama. Alifungua jicho moja.

"Mto."

"Mto mkubwa hivi?"

"Kichwa changu nacho ni kikubwa. Njoo ukipime, mwanangu."

Mgambo alicheka, akajaribu kuacha kucheka, akashindwa. Alitupisha. Tulipokwisha pita, Mama akasema kwamba dada yake angeusimulia uongo ule vizuri zaidi. Safari nzima alikuwa hivyo: kila jambo lilikuwa linapelekwa Ukerewe kusimuliwa.

Bunda mjini nilimpata fundi Sefu, ambaye Masatu alikuwa amenitajia. Ni Mwislamu, baba yake alitoka Tabora na mama yake ni wa hapo hapo, na anafua chuma nyuma ya nyumba yake karibu na msikiti. Bolti za dukani zilikuwa hazipo tangu zamani. Alitoa fito za chuma kutoka kitanda cha hospitali kilichotupwa, akazikata, akazichonga meno moja moja kwa mkono. Washa, vile visahani vya kuwekwa chini ya kichwa cha bolti, alizikata pana, kama sahani ya kikombe, kutoka ubavu wa pipa. Alisema washa pana inasambaza mkazo, mbao haimezi kichwa. Kazi ilichukua muda, kwa sababu mara kwa mara aliitwa kuziba sufuria za watu, na sufuria haziwezi kusubiri kwa kuwa watu wanakula kila siku. Mke wake alimpa Mama chumba na uji wa ulezi. Siku tunaondoka, Sefu alimwombea Mama dua akiwa amesimama mlangoni na nyundo mkononi.

BUNDA HADI KISORYA

Trekta la kubebea pamba lilikuwa linakwenda upande wa ziwani kuchukua mzigo, tela likiwa tupu. Tairi moja la tela lilikuwa limejazwa nyasi badala ya mpira wa ndani, na kila tulipopita jiwe lilitoa sauti kama mtu anayekohoa. Mama alilala kwenye maturubai. Njia nzima tuliliona ziwa likijitokeza na kujificha, kushoto halafu kulia, kwa sababu nchi inakuwa nyembamba kadiri unavyokaribia Kisorya. Mama alikuwa anaomba ainuliwe kila lilipotokea. Mara ya mwisho alinyoosha kidole ng'ambo, akaniuliza kama kile cheusi ni Ukerewe. Kilikuwa ni wingu. Nilimwambia ndiyo.

KISORYA: LAMI YA KWANZA

Tulimkuta Masatu ufukweni, ana furaha. Hakuwa ametusubiri. Alikuwa amepata lami yake mwenyewe, ngumu kama jiwe, na kwa kuwa mafuta ya taa ya kuilainishia hayakupatikana, alikuwa ameilainisha kwa mafuta ya sangara.

Wa mjini inabidi niwaeleze. Miaka hii sangara wamejaa ziwani kuliko wakati wowote, na mafuta yao ni mengi ajabu. Watu wanakaangia, wanawashia taa, wanapaka ngozi, wanalainishia baiskeli. Kila kilichokosekana dukani, sangara amejaribiwa mahali pake. Masatu alifikiri kama ambavyo kila mtu wa ufukweni angefikiri. Lami ililainika vizuri, iking'aa. Aling'oa vyuma vyote vya sitaha, akapaka, akavirudisha na bolti zake za zamani, akazikaza palepale mpaka mwisho. Ilionekana kazi safi.

Tulimwaga ndoo za maji juu ya sitaha, mimi nikiwa chini kuangalia. Nilisikia tone. Kisha tone jingine. Kisha maji yakaja kwa kila bolti kama kawaida, sasa yakiwa meusi na yananuka samaki. Lami ile haikuwa imeganda na isingeganda kamwe. Kwenye jua ilichuruzika kando ya mashua, mistari mirefu, mpaka mchangani.

Mama, aliyekuwa amekalishwa chini ya kivuli cha tanga, alisema sasa tutafuatwa na paka wote wa Ukerewe.

Mimi nilitaka twende hivyohivyo. Nilisema tutandike maturubai, nishike bakuli, nichote maji. Mama alikubaliana nami. "Nitalowa," alisema. "Nimelowa mara ngapi katika dunia hii?"

Masatu alikataa. Si mtu wa maneno mengi. Alisema, "Simpeleki mama yangu kwa watu kama dagaa mbichi," akaanza kufungua bolti ya kwanza.

KISORYA: LAMI YA PILI

Kuondoa mafuta ya sangara kwenye mbao ni kazi kuliko kuyatia. Tulisugua kwa majivu na maji ya moto. Tulichokoa mashimo kwa kijiti kilichozungushiwa kitambaa. Mbao iliyooza kuzunguka mashimo Masatu aliikwangua mpaka akafika kwenye mbao nyeupe. Kisha ilibidi sitaha ikauke kabisa, na mvua ikanyesha, tukafunika, ikaacha, tukafunua, ikarudi. Siku zikaenda.

Katika siku hizo alitujia Bugingo. Ni Mkerewe, muuza machungwa, aliyekwama Kisorya baada ya kuuza mzigo wake. Kwa fedha za machungwa alikuwa amenunua kichwa cha cherehani kwa ajili ya mke wake, na alikiogopea mtumbwi. Kila alipokwenda alikwenda nacho, kimezungushiwa kanga, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Kwao ni kijiji kile kile cha Mama Mkubwa. Aliomba nafasi kwenye mashua, na kwa nafasi hiyo akatoa mikono yake. Mama alifurahi mno. Alimwuliza habari za dada yake kuanzia unywele hadi ukucha, naye akajibu yote: anatembea kwa fimbo, anagombana na kuku, anavuta ugoro kwa siri. Mama alicheka mpaka pumzi ikamkatikia.

Kazi ya pili tuliifanya hivi. Tuliyeyusha lami yangu ya Mwigobero na nta ya Butiama katika sufuria moja. Tulimimina nta tupu kwanza ndani ya shimo ili mbao inywe. Pamba tuliisokota kuwa uzi, tukauzungusha shingoni mwa kila bolti mpya ya Sefu, chini ya kichwa. Tukapaka mchanganyiko chini ya chuma, tukakishusha, tukakaza kidogo tu, mpaka lami ichungulie pembeni kama ulimi. Hapo unaacha. Ukikaza mpaka mwisho siku hiyo hiyo unaifukuza yote nje, ndilo kosa la pili alilokuwa amelifanya Masatu mara ya kwanza, mbali na mafuta ya sangara. Inapoganda ndipo unakaza, na unapokaza bolti yenyewe haitakiwi kugeuka, maana ikigeuka inavunja ile pamba na lami iliyoishika. Mtu mmoja anakaa juu ameshika kichwa cha bolti kwa nguvu, mwingine yuko chini ya sitaha anazungusha nati. Hamuonani. Mnagongeana: moja, subiri, mbili, zungusha.

Asubuhi moja, lami ikiwa imeanza kuganda, tulianza kukaza. Masatu alikuwa mbele na kijana anayemsaidia, wakishona tanga. Mimi niliingia chini na spana. Bugingo alikuwa juu. Jana yake mtumbwi wa samaki ulikuwa umetoka Ukerewe, na tangu hapo hakuwa ametania na mtu. Tulikaza bolti za mwanzo vizuri. Kwenye chuma cha karibu na mlingoti nilisubiri kugongewa, sikugongewa.

Kisha alisema, sauti yake ikipita kwenye mbao, "Dada, umeshika?"

"Nimeshika."

"Usitoke kunitazama."

Nilimwambia nitamtazamaje na sitaha katikati. Akasema, vizuri. Nilisikia akihamisha magoti.

"Mama yenu mkubwa hayupo tena."

Niliuliza hayupo amekwenda wapi. Ninalikumbuka swali hilo, na naona haya kulirudia, lakini ndivyo nilivyouliza.

"Hayupo, dada. Wamemzika."

Mkono wangu ulikuwa umeanza kuzungusha nati bila kuambiwa, ukazungusha, ukazungusha, mpaka akasema kutoka juu, polepole, "Basi. Utaikata."

Alinieleza kidogo. Mama Mkubwa hakuugua sana. Habari ilikwishapelekwa Murangi, kwa ndugu zao, kama inavyotakiwa. Murangi hawakujua kwamba Mama yuko Kisorya. Watu wa mtumbwi ndio waliomwambia yeye Bugingo. Nilipotaka kuuliza zaidi, alinikatiza. "Mimi sijatumwa," alisema. Kwetu anayepeleka habari ya kifo ni mtu wa nyumba ile, anatumwa na waliozika, na anakaa chini kwanza. Mpita njia akiisema anakuwa kama amemwua marehemu mara ya pili. "Sijakwambia wewe. Nimeziambia mbao. Sisi huwaga hatusemi."

Kisha aligonga mara mbili, na tukaendelea na bolti iliyofuata, kwa sababu hatukujua kitu kingine cha kufanya.

Masatu nilimwambia ndani ya maji, tukisafisha sufuria. Aliuliza swali moja tu, amefariki lini. Nilimtajia. Zilikuwa zile siku ambapo lami ya sangara ilikuwa inachuruzika. Aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imetakata. Baadaye aliingia chini ya sitaha, akakagua kila nati niliyokaza, akaikaza tena.

Tulibishana, mimi na yeye, mara ile tu. Nilisema Mama si mtoto, aambiwe leo, achague mwenyewe kama anataka kwenda. Masatu alisema, "Ukimwambia hapa, atalia hapa, kwenye nyumba isiyo na kaburi. Matanga yakianzia hapa hataondoka. Na sisi nani katutuma?" Alisema Mama ataambiwa na waliomwosha dada yake, mahali alipooshewa. Nilirudi nyumbani kwake, nikamkuta Mama anamfundisha mke wa Masatu jinsi dada yake anavyopika kisamvu.

KUZUNGUKA KISIWA

Tulitoka asubuhi, Mama akiwa amelazwa chini kwenye kile kilichobaki cha gunia la pamba, mimi pembeni yake, Masatu kwenye usukani, Bugingo juu na cherehani yake. Mama alikuwa amevaa kanga ya njano.

Tulipoacha hifadhi ya ghuba, ziwa lilichafuka. Maji yalipanda mbele, yakatembea juu ya sitaha, niliyasikia yakipita juu ya vichwa vyetu kama mtu anayeburuta mkeka. Nilipitisha kiganja chini ya kila bolti. Pakavu. Nikarudia. Pakavu. Ile ya mlingoti, ambayo nilikaribia kuikata, nayo kavu.

"Mbona unapapasa?" Mama aliuliza.

Nikamwambia natazama kama panavuja.

"Havuji mtu hapa," alisema. "Mwambie kaka yako Baba yenu mwenyewe hakuwahi kuiziba hivi. Nilikuwaga nasafiri humu nimejifunika sufuria kichwani."

Kisha alianza kunipangia. Akifika atalala chumba kimoja na dada yake, tusihangaike kumtafutia kitanda. Habari ya mgambo ataisimulia yeye, nisimharibie. Habari ya Nyabweke na mishumaa naweza kuisimulia mimi. Nilikuwa naitikia. Juu, Masatu alikuwa anasikia kila neno, maana mlango wa kushukia ulikuwa wazi, na hakuinama kutazama chini hata mara moja.

Nisiwaweke roho juu: Mama yuko hai. Amebaki huko, kwa Nyamisi, binti wa Mama Mkubwa, na amekataa kurudi. Miguu haijapungua. Hivyo mkiniona peke yangu msiniulize tena.

Tulifika jua likiwa bado juu. Bugingo alishuka wa kwanza, akapita majini na cherehani begani, akapanda kijijini bila kusalimiana na mtu, na tulielewa anakwenda kuwaita waliozika. Tukasubiri. Mama aliuliza kwa nini hatumshushi. Masatu alijibu kutoka juu kwamba nanga haijashika vizuri.

Wanawake waliteremka wakiwa wengi, kanga zimefungwa kiunoni, hakuna aliyesema. Walisimama mchangani. Nyamisi peke yake aliingia majini, akapanda, akavua viatu kwenye sitaha kama mtu anayeingia nyumbani, akashuka mpaka tulipokuwa. Alikaa chini kwanza.

"Shikamoo, mama mdogo."

Mama alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango. Alimtazama muda mrefu.

"Mama yako hawezi kufika mpaka hapa?"

"Hawezi, mama."

"Anaumwa."

"Hapana. Haumwi tena."

Niliona mkono wa Mama ukishuka kutoka kwenye kidevu kile, ukatua kwenye goti la Nyamisi, ukakaa hapo.

"Nani alimwosha?"

"Mimi."

"Miguu ulimsugua? Alikuwa hapendi kulala na miguu michafu."

"Nilimsugua, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa. Masatu alikuwa ameshuka nusu ngazi, mikono ameitanguliza ili ambebe. Mama alimzuia.

"Ngoja, Baba," alisema. Ndivyo amwitavyo siku zote. "Niacheni humu kwanza. Humu ni pakavu."

Tulitoka, mimi na Nyamisi, tukakaa juu ya sitaha na Masatu. Pwani wanawake walikuwa bado wamesimama kimya, kwa sababu haikuwa haki yao kuanza kulia kabla ya mdogo wa marehemu. Upepo ulikuwa umetulia. Kisha tukasikia kilio cha Mama kutoka chini, na sauti ile ikapita mbao na kufika mchangani, wanawake wakaipokea. Masatu hakulia. Alikuwa amekaa karibu na mlingoti, ameinama, ameshika kichwa cha bolti kwa vidole vyote, kwa nguvu, kama ilivyo kazi ya mtu wa juu wakati mwenzake yuko chini.